Fizikia imenigomea mara mbili: nirisiti tena au niende famasi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, naishi na mama yangu Kitangari, wilaya ya Newala. Naomba ushauri wako kabla Januari haijafika, maana nyumbani kila mtu ana la kwake na mimi sijui tena nimsikilize nani.

Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni foo ya pointi 27. Kiswahili nilipata C, Fizikia na Hisabati F, yaliyobaki yote D, Baiolojia na Kemia zikiwemo. Ninachotaka ni uuguzi. Nilipokwenda kuulizia chuo nikaambiwa ni lazima niwe na D ya Fizikia. Basi nikajisajili PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, nikarisiti (kurudia mtihani) Fizikia peke yake. Matokeo yalipotoka nikakuta F ileile. Mwaka huu sikujisajili kabisa. Nilichoka, na aibu pia ilichangia. Vijana wa stendi wananiita "PC wa kudumu".

Uuguzi sikuupenda kwa sababu ya sare, Shangazi. Nikiwa kidato cha pili tulimpeleka dada yangu kujifungua. Nesi aliyekuwa zamu alimpima presha, akanyamaza, akahamisha ile kamba mkono wa pili akapima tena. Kisha akamgeukia mama: "Huyu halali hapa." Akaanza kupiga simu. Gari likaja, dada akashushwa hospitali ya Ndanda usiku uleule. Leo mtoto anasoma chekechea na dada yuko salama. Mimi nilikuwa nimeshika beseni tu, lakini tangu siku ile sijawahi kutaka kazi nyingine.

Sasa tatizo. Shuleni kwetu Fizikia tulikaa bila mwalimu muda mrefu, baadaye akaja wa kujitolea. Vitendo tulifanya kwa kuzunguka meza moja, mwalimu anaunganisha nyaya sisi tunatazama na kunakili majibu yake. Kwa hiyo nilipokwenda kurisiti, siku ya vitendo nilipewa betri, waya, swichi na amita nikaunganisha kama nilivyokumbuka. Nilipobonyeza swichi mshale wa amita ukarudi nyuma, ukagonga ukingo upande wa sifuri ukabaki hapohapo. Sikujua nifanye nini. Niliona aibu kunyoosha mkono. Nikatunga namba zangu mwenyewe nikachorea grafu.

Kusoma kwenyewe nilikuwa nasoma usiku, kwa madaftari niliyoazima. Mchana nipo kwenye duka la dawa muhimu ninakosaidia, jioni kazi za nyumbani. Ilipofika Oktoba korosho zikaanza kudondoka, na mtihani kama unavyojua ni Novemba. Asubuhi ya pepa ya nadharia nilitoka shambani, nikanawa, nikapanda bodaboda.

Mjomba ndiye msomeshaji wangu tangu baba afariki. AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, imeshamlipa korosho zake, na amesema wazi kuwa pesa aliyonayo ni ya jambo moja tu. Kama ni chuo, basi niende kusomea famasi, maana mwenye duka amemwambia famasi hawaulizi Fizikia. Kama ni kurisiti tena, anasema yeye hatoi kitu, mtu hafeli somo moja mara mbili halafu akadai ni bahati mbaya. Mama anataka niwe nesi, ila mbele ya mjomba hasemi.

Juu ya hayo kuna kaka mmoja nilipewa namba yake Masasi. Anasema ana watu vyuoni, nikimtumia laki tatu ataniingiza uuguzi hata bila Fizikia, halafu somo "nitalimalizia nikiwa ndani". Sijamjibu.

Nirudie au niache, Shangazi?

Binti wa Kitangari

* * *

Marahaba mwanangu, na pole kwa maneno ya stendi.

Nianze na huyo kaka wa Masasi ili tumtoe njiani. Usimtumie hata shilingi mia. Maombi ya vyuo vya afya hupitia kwenye mfumo wa udahili unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Unapojaza namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, matokeo yanavutwa moja kwa moja kutoka Baraza la Mitihani. F yako itaonekana hata kama huyo kaka anakula meza moja na mkuu wa chuo. Yanayowapata wanaokubali ni haya: wanalipa, wanapewa barua yenye mhuri, wanashona sare, wanakaa darasani muhula mzima, halafu siku majina yanapohakikiwa la kwao halipo. Hapo laki tatu inakuwa ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Futa namba yake.

Mwenye duka naye amesema kweli, tusimwonee. Sifa za kuingia stashahada ya uuguzi na ukunga ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nguvu lakini si lazima. Famasi nayo inataka masomo manne, ila ya lazima ni Kemia na Baiolojia. Kwa cheti ulichonacho leo, famasi unaweza kuomba na uuguzi huwezi. Zote mbili ni miaka mitatu ukienda hadi ngazi ya sita, yaani stashahada.

Kwa hiyo mjomba hajakuonea pia. Anaona mlango ulio wazi na ule uliofungwa, na mtoto anayegonga uliofungwa. Kwetu huku kusini mjomba akishika shauri la mpwa wake halishiki kwa mzaha. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni pale anaposema umefeli "mara mbili". Mimi nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta huo mtihani wa Fizikia uliouandalia ukafeli, sikuuona. Mara ya kwanza hukuwa na mwalimu. Mara ya pili hukuwa na maabara, hukuwa na muda, na ulikwenda kwenye pepa ukiwa na mavumbi ya mikorosho miguuni. Baraza la Mitihani limekupa F kwa haki, maana linasahihisha kilichoandikwa. Ila F hiyo inaeleza ulivyojiandaa. Bado haijaeleza kama Fizikia unaiweza au huiwezi.

Jibu langu ni urudie. Mara moja, Fizikia peke yake, na kwa masharti nitakayoyataja hapa chini. Masharti yasipowezekana, basi famasi, tena kwa moyo mkunjufu.

Ngoja kwanza tuiangalie hiyo Fizikia kwa karibu, kwa sababu nadhani hujawahi kukaa na mtu akakupigia hesabu yake. D inaanzia alama 30 kati ya 100. C inaanzia 45. Mtihani una karatasi mbili, ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50. Wewe ni mtahiniwa wa kujitegemea, huna alama za maendeleo za shuleni za kukubeba, kila kitu kinatoka kwenye karatasi hizo mbili. Jumla ni 150, na asilimia thelathini yake ni 45. Mtu akipata 25 kwenye vitendo, nadharia inamdai 20 tu ili afike D. Ishirini kati ya mia! Na kwenye nadharia hiyohiyo, sehemu ya mwanzo ni ya kuchagua jibu na kuoanisha.

Unaona sasa ile amita ilikugharimu nini?

Mshale ukirudi nyuma kwenye amita maana yake umeunganisha kinyume. Waya uliotakiwa kuingia upande wa chanya umeuingiza hasi. Dawa yake ni kuzima swichi, kubadilishana nyaya mbili, na kuwasha tena. Haichukui hata dakika moja. Mwanafunzi aliyewahi kushika amita kwa mikono yake mara tatu nne hawezi kushindwa hapo, na asiyewahi hawezi kujua hata akiwa na akili ya kutisha. Halafu maswali ya vitendo hayana ugeni mwingi. Ni pendulamu inayobembea, springi inayoning'inizwa mawe ya mizani, kioo cha mstatili na pini, waya na betri. Namba zinabadilika, kazi ni ileile: pima, jaza jedwali, chora grafu, tafuta mteremko, sema umegundua nini. Grafu yenyewe ina alama za bure ambazo watoto wanaziacha mezani kila mwaka. Kichwa cha grafu, majina ya mihimili na vizio vyake, skeli. Mtu anachora mstari mzuri kabisa halafu anasahau kuandika sentimita.

Na jambo la kunyoosha mkono. Kwenye chumba cha vitendo kifaa kikigoma unaruhusiwa kumwita msimamizi. Hatakufanyia kazi, lakini kama kifaa ni kibovu atakibadilisha. Kutunga namba ni kosa, na wasahihishaji wanazijua namba za kutunga kwa sababu zinanyooka kupita kiasi.

Sharti la kwanza basi ni maabara. Usajili wa PC hufunguliwa Januari. Ukichelewa unalipa faini, ukizidi kuchelewa dirisha linafungwa. Usijisajili kituo cha karibu kwa sababu ni cha karibu. Nenda kwenye sekondari yenye maabara inayofanya kazi, mwone mkuu wa kituo, umwulize waziwazi kama PC wa Fizikia wanaruhusiwa kuingia maabara kufanya mazoezi kabla ya mtihani, siku gani, na kwa mchango wa shilingi ngapi. Akikubali, hapo ndipo uchukue namba rejea ukajisajili. Shule nyingi zina mwalimu wa maabara au kijana wa kujitolea ambaye Jumamosi akilipwa kidogo atakaa na wewe saa mbili. Hiyo ndiyo tuisheni unayoihitaji kuliko madaftari ya kuazima. Kama wilayani hapo pamekosekana, uliza ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkoani, wao wanawajua walio na madarasa ya watu kama wewe.

Sharti la pili ni lugha. Hukuitaja, ila nimeihisi. Una C ya Kiswahili na D ya Kiingereza, na Fizikia inatungwa kwa Kiingereza. Mwalimu mmoja wa Fizikia ninayemheshimu aliniambia kwamba watoto wengi ukiwauliza kwa Kiswahili kwa nini jeki ndogo inanyanyua lori watakueleza vizuri tu, hadi kwa mikono, ila swali lilelile likija kwenye karatasi wanaandika mstari mmoja na kuhama. Kwa hiyo unapopitia pasti pepa, ile mitihani ya miaka iliyopita, usikimbilie majibu. Anza na swali lenyewe. Linakutaka utaje, ueleze, utofautishe au ukokotoe? Andika orodha yako ya maneno hayo ya kuamrisha, yako machache na yanajirudia kila mwaka. Kisha tafuta kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zinatolewa bure, kwa kila somo, na ndani yake wanaonyesha swali, jibu la aliyefaulu, jibu la aliyefeli, na sababu. Sijui kwa nini walimu hawazibandiki ukutani. Vitabu vya kiada pia vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo hayo madaftari warudishie wenyewe.

La tatu ni korosho, na hili linamhusu mjomba zaidi kuliko wewe. Fizikia ina siku mbili tu katika ratiba yote ya Novemba, siku ya nadharia na siku ya vitendo. Hakuna anayekuomba uache shamba mwezi mzima. Lakini majuma mawili kabla ya siku hizo mtu mwingine aokote. Kibarua yupo, na gharama yake ukiilinganisha na kufanya mtihani mara ya nne ni ndogo. Kupulizia mikorosho dawa ya salfa katikati ya mwaka utashiriki kama kawaida, hakukuzuii kusoma.

Sasa jambo ambalo watu hawalipigii hesabu. Wengi wakisikia kurisiti wanafikiria pesa. Ada ya usajili haifiki laki. Kinachokula ni muda. Ukifanya mtihani Novemba ijayo, matokeo yatatoka Januari inayofuata, maombi ya vyuo katikati ya mwaka huo, na darasani utaingia kuelekea mwisho wake. Kuanzia leo hiyo ni karibu miaka miwili. Famasi ungeanza mwaka kesho huohuo. Kwa hiyo mjomba anaposema famasi, hata kama hakulisema hivyo, anakupunguzia mwaka mzima. Huo mwaka ndio unaoulipia uuguzi, na ni wewe peke yako unayeweza kusema kama unastahili. Ile barua yako ya beseni na kamba ya presha inaniambia unastahili, lakini mimi si ninayeukaa.

Ndiyo maana nataka ujiwekee kipimo, na kipimo kizuri kipo kwenye kalenda tayari. Dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa katikati ya mwaka. Kabla halijafungwa, chukua pasti pepa ambayo hujawahi kuiona, ya nadharia, kaa saa tatu bila simu, kisha mpe mwalimu aisahihishe. Usijisahihishie mwenyewe, tutadanganyana. Fanya na ya vitendo maabara. Ukiona jumla yako imepita asilimia 40, endelea, Novemba utafika. Ukiwa kwenye thelathini na kidogo, hapo pana hatari, maana siku ya mtihani watu hupungua. Ukiwa chini ya hapo baada ya miezi mitano ya maabara na uchambuzi, jaza fomu ya famasi siku hiyohiyo na uende. Hapo utakuwa umejaribu kweli, na jibu litakuwa jibu.

Nimesema 40 na si 30 kwa sababu nyingine pia. Sifa za chini hazikuhakikishii nafasi. Vyuo vya serikali ada yake ni nafuu, kwa hiyo kila mtu anavikimbilia, na mwenye D tatu za sayansi anashindanishwa na wenye C na B. Ukipata C ya Fizikia umejisogeza. Ukipata D, kwenye maombi usijaze vyuo vya mijini vinavyojulikana peke yake. Huku kwetu kuna Newala, kuna Mtwara mjini, kuna vya misheni Ndanda na Nyangao. Angalia mwongozo wa NACTVET wa mwaka husika uone kila chuo kinachukua wangapi, kina usajili gani na ada yake ni kiasi gani. Na kwa kuwa utakuwa na vyeti viwili, kile cha shule na cha PC, jaza namba zote mbili za mtihani. Kuna watoto wanaacha moja halafu wanashangaa kutemwa.

Ada ni suala la mjomba, lakini mwambie na hili: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, na baadhi za afya zimo. Masharti yake yasome kwenye mwongozo wa mwaka utakaoomba, usiyasikilize kwa mtu, hata kwangu.

Kuhusu famasi yenyewe, naomba usiione kama adhabu ya waliofeli. Mtu wa dawa ndiye anayegundua kwamba daktari kaandika vidonge viwili visivyopatana. Hospitali zinamhitaji, Bohari ya Dawa ina kituo chake cha kanda hapo Mtwara, na akitaka kujiajiri ana njia fupi kuliko nesi. Ajira za serikali kwa wote wawili siku hizi ni za kusubiri. Wapo manesi wenye leseni wanaojitolea miaka wakingoja majina yatoke. Tofauti ni kwamba famasi inakuweka karibu na dawa, uuguzi unakuweka karibu na mgonjwa, usiku, akitapika. Wewe ulishika beseni ukaipenda kazi. Watu wengi wangeshika beseni wakaikimbia. Hilo nimelipa uzito mkubwa.

Na kwa sababu umesema neno duka. Unasaidia nini pale? Kama ni kufagia, kupanga na kuandika hesabu, vema. Kama ni kumpa mteja dawa ya malaria na kumweleza ameze vipi, acha. Maduka ya dawa muhimu yana sheria, anayetoa dawa awe amesomea, na Baraza la Famasi likifika siku mwenye duka hayupo wewe ndiye utakayekutwa kaunta. Binti anayetaka kuingia kazi ya afya asianze na kesi.

Fahamu pia kwamba Fizikia haikuwekwa kwenye sifa za uuguzi kwa kuwakomoa watoto wa Newala. Dripu inatundikwa juu ya mgonjwa kwa sababu ya mgandamizo. Ile kamba ya presha aliyofungwa dada yako ni Fizikia. Mtungi wa oksijeni una geji, na anayeisoma vibaya saa nane za usiku hana wa kumuuliza. Hisabati nayo haikudaiwi cheti, lakini ukifika chuoni utakokotoa dozi ya mtoto kwa kilo zake, kila siku. Kwa hiyo ukiwa unasoma Fizikia, rudia uwiano, desimali na kubadilisha vizio hadi viwe rahisi kwako. Mitihani ya chuo ipo kila muhula, na ukimaliza kuna ule wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya kupewa leseni. Mtu anayetaka kazi hii azoee kufanya mitihani, na akishindwa aulize alishindwa wapi.

Sasa mjomba. Usimwendee mchana akiwa na watu, na usimtume mama. Nenda jioni, na mama akiwepo, uanze kwa kumshukuru, maana amekusomesha tangu baba yako aondoke na hilo halisemwi vya kutosha. Kisha mwambie ile habari ya amita kama ulivyoniambia mimi. Nina hakika hajaisikia. Yeye anajua mpwa wake alifanya mtihani akafeli, hajui mpwa wake alikaa mbele ya mshale uliorudi nyuma akaona aibu kuuliza. Mkulima wa korosho anaelewa haraka tofauti ya mkorosho usiozaa na mkorosho ambao haukupuliziwa. Halafu mweleze hesabu: pesa ya chuo ibaki kwake, haiguswi. Unachoomba sasa ni ada ya usajili, mchango wa maabara, nauli za Jumamosi na kibarua wa majuma mawili. Mpe na tarehe ya katikati ya mwaka, umwambie pasti pepa ikisahihishwa utamletea mwenyewe aione, na ikiwa mbaya utajaza famasi bila kununa. Ninavyowajua wajomba, wengi hawakatai jambo lenye mwisho. Wanachoogopa ni kurisiti kusikokwisha.

Akikataa hata hivyo, mshahara wako wa dukani utatosha usajili, na hilo lingine tutalitafutia njia. Niandikie matokeo ya mazungumzo, ila usisubiri jibu langu ndipo uende kituoni. Shule zinafunguliwa Januari, nenda juma la kwanza, ukaanze na mwalimu wa maabara kabla hata ya mkuu.

Msalimie mama.

Shangazi